Simu Haiujui Mkono

Usinilaumu, msomaji. Najua wiki iliyopita ulilikunja gazeti kwa hasira, maana nilikuacha umeinama juu ya simu pamoja na nyumba nzima, na kwenye kioo herufi zinajiandika zenyewe moja baada ya moja, mpaka likatoka jina: SINDANO.

Aliyechelewa naye asisimame mlangoni, aketi asikie. Meli kuukuu ya mizigo imezama. Mtu wake wa redio, ambaye mtaa mzima unamwita Nukta, hajulikani yuko wapi. Nyumbani ameacha mama mgonjwa, mdogo wake ambaye ni fundi redio, dada yake anayeuza makava ya simu, na mke wake mshonaji. Ameacha pia redio ya kupokelea juu ya kabati la sebuleni, na tangu habari ije haijazimwa. Nukta alikuwa akilalamika kila likizo: redio ya dharura kwenye boti ya kuokolea maiki yake mbovu, kilichobaki ni kitufe tu cha kupigia nukta na mistari, yale mapigo mafupi na marefu yanayosimama badala ya herufi, na bandarini siku hizi hakuna anayesikiliza nukta na mistari.

Katika nyumba hiyo anayeweza kuzisoma kwa sikio ni Fundi peke yake, na Fundi ana kazi za watu. Basi dada mtu akaweka programu moja kwenye simu yake. Unailaza simu karibu na spika, inasikiliza kwa maiki yake, mapigo yanageuka herufi.

Na Sindano? Hilo ndilo jina Nukta analomwita mkewe. Yeye tu.

"Kaka yangu!" wifi alipiga ukelele. "Jamani, kaka yangu yu hai!"

Simu iliendelea kuandika. NIKO HAI. Kisha: KISIWANI KUSINI. Kisha redio ikanyamaza, ikabaki kukoroma kama ilivyokoroma tangu mwanzo.

Mama mkwe, aliyekuwa amegoma kula mpaka asikie habari ya mwanawe, aliinuka kwenye kochi akaomba chai na mkate. Wifi alikipiga picha kile kioo akaituma bandarini. Fundi aliingia kutoka karakana yake ya uani, mikono inanuka risasi ya kuchomea, akauliza kuna nini, akaonyeshwa, akakaa chini akalia.

Mshonaji hakulia. Alirudi kwenye cherehani akaendelea na pindo la sketi ya mteja.

"Wewe mwanamke," alisema mama mkwe, mkate mdomoni, "una moyo au una jiwe?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia! Mumeo anakuita kutoka baharini, wewe unashona!"

Angejibu nini? Alikuwa amekufa ganzi, ganzi ile ya mguu uliokaliwa, ila hii ilikuwa ya mwili mzima. Alipoambiwa meli imezama hakusikia kitu. Watu walipokuja kumpa pole hakusikia kitu, na hata pole zenyewe zilikuja nusu nusu, kwa sababu hakuna aliyejua kama anampa mke au mjane. Hilo tu ndilo alilotaka kulijua. Yeye ni mke, au ni mjane? Sasa ameambiwa ni mke, na bado hakusikia kitu, na jambo hilo lilimtia woga, lakini kwa mbali, kama woga wa jirani.

Kitu kimoja kilikuwa kinamkereketa. Lile jina liliisha upesi mno.

Nisikufiche, msomaji: huyu mwanamke herufi moja ya Nukta haijui. Lakini ameolewa na vidole vile. Nukta akingoja chai, anapiga meza. Akingoja usingizi, anapiga bega la mkewe, neno lilelile kila siku, na akiulizwa lina maana gani anacheka tu, anasema, "Nitakuambia nikizeeka." Na kidole chake kimoja kiliwahi kubanwa na mlango wa chuma melini, hakikupona sawasawa. Basi mstari wa mwisho wa kila neno anauburuza, kama mtu anayeburuza kandambili ukumbini. Mwenyewe alikuwa akijitania. Eti mpishi wa meli, ambaye yeye Nukta ndiye aliyemfundisha kupiga ili wasichoke njiani, sasa ana mkono safi kuliko mwalimu wake.

Simu hayo haiyajui. Simu inajua fupi na ndefu, basi. Tena haichagui. Mama mkwe alikohoa, ikaandika T. Wifi aligonga kijiko kwenye kikombe, ikaandika E.

"Angalieni," wifi alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, "mama naye anatuma salamu!"

Wakacheka wote. Mshonaji alikata uzi kwa meno.

* * *

Alasiri akafika mtu wa bandari. Viatu vinang'aa, redio ya mkononi kiunoni, na uso wa mtu aliyetumwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mtoto wangu?"

"Bado, mama. Lakini ile picha mliyotuma imetusaidia. Boti zetu zilikuwa zinakwenda kaskazini, kule meli ilikosikika mara ya mwisho. Tumezigeuza tangu asubuhi. Zote ziko kusini."

"Zote?" aliuliza Fundi.

"Zote, bwana. Kisiwa baada ya kisiwa."

Fundi alijipangusa jasho. Chumba kilikuwa na feni, na feni ilikuwa inazunguka.

"Mkubwa wangu amenituma nisikie kwa masikio yangu," aliendelea mtu wa bandari. "Picha ni picha. Leo watu wanatengeneza picha hata za ng'ombe anaendesha baiskeli."

"Utasikia tu!" alisema wifi. "Kaka hana kawaida ya kunyamaza. Kaa hapa, karibu na simu."

"Ngojeni nikachukue betri," alisema Fundi. "Redio hii isije ikazima mgeni akiwa hapa."

Akatoka kwa mlango wa uani. Mgeni alikuwa hajamaliza hata nusu ya chai yake, redio ikaanza.

Wote waliiangukia simu. Vichwa vitatu juu ya kioo kimoja, wifi akisoma kwa sauti kama anasoma matokeo ya mtihani.

"M, A... MAMA! Anasema mama! MAMA USILIE!"

"Mwanangu wee!" Mama mkwe alishika kifua. "Silii, baba! Silii tena!" Naye machozi yanamtoka.

Hakuna aliyemtazama mshonaji. Yeye hakuwa anakitazama kioo, alikuwa anasikiliza. Mapigo yalikuja ya mbio na sawasawa, ndefu ya mwisho inakatwa kama mkia wa panya. Hapakuwa na kandambili. Na mkono huo aliujua pia. Ndio ule unaopiga meza ya jikoni kila chakula kikichelewa, mpaka mama mkwe apige kelele, "Kitinda mimba, utaivunja meza!"

Aliinuka.

"Unakwenda wapi na mumeo anazungumza?" alifoka mama mkwe.

"Kuchukua uzi."

* * *

Mlango wa karakana ulikuwa umerudishiwa. Aliusukuma.

Fundi alikuwa ameinama juu ya meza, kati ya matumbo ya redio za watu, kidole juu ya kitufe, kijisanduku cha waya kinawaka taa nyekundu. Aliruka kama mwizi wa kuku. Kule sebuleni sauti ya wifi ikakatika katikati ya neno.

"Shemeji," alisema Fundi.

"Shemeji," alisema yeye.

Wakatazamana. Ungekuwa wewe, msomaji, ungeshika nyundo, na nyundo ilikuwepo. Yeye alivuta kigoda akakaa.

"Sindano umelitoa wapi?"

"Ukuta wetu wa mbao, shemeji. Nasikia hata mkipiga chafya." Fundi alishuka akapiga magoti. "Usimwambie mama. Alikuwa anakufa! Uliona mwenyewe. Hali, hanywi, dawa anatema. Nikasema nimpe siku mbili tatu za matumaini, apate nguvu, halafu tutamwambia taratibu. Kijisanduku hiki hakina hata nguvu ya kuvuka barabara. Nilijua kitasikika humu ndani tu, kwenye redio yetu. Sikujua wifi yako ataipiga picha. Ningejua!"

"Na kusini?"

"Nini?"

"Kusini umeitoa wapi?"

Fundi alikizima kile kijisanduku. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimeitunga tu. Nilitaka mama awe na mahali pa kumfikiria."

Basi hapo, mahali pa kumfikiria. Boti zote za bandari zilikuwa zinapepeta visiwa vya kusini kumtafuta mtu ambaye, kama alikuwa hai, alikuwa kaskazini anazipungia mkono zikimpa mgongo.

Mshonaji alijua kwamba hapa ndipo mtu anapopaswa kupiga kelele. Aliingojea kelele ije. Haikuja. Alimtazama shemeji yake, huyu aliyemtengenezea cherehani bure kila ilipokwama, akatafuta hasira na hasira pia haikuwepo.

"Inuka," alisema. "Twende ukaseme."

"Mama atakufa, shemeji."

"Na kaka yako?"

Wakati huo ndipo wifi alipopiga yowe kutoka ndani. "Njooni! Redio inapiga tena! Njooni, simu imechanganyikiwa!"

Fundi aliitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu, iko wazi mbele ya macho ya shemeji yake, na ile taa nyekundu ilikuwa imezimika.

"Si mimi," alisema. "Wallahi si mimi."

* * *

Kwenye kioo zilikuwa zinaanguka takataka. E. E. T. E. T. T. T. E.

"Imeharibika," alisema wifi, anaitikisa simu kama chupa ya dawa. "Sasa hivi tu ilikuwa inasoma vizuri, sasa inaandika upuuzi."

"Pengine ni feni," alisema mtu wa bandari. "Zimeni feni."

Wakazima feni. T. E. E. T. Mapigo yalikuwa hafifu, yanazama kwenye ule mkoromo na kuibuka, ya polepole, hayalingani. Programu ile imetengenezwa kwa mkono uliotulia, na huu ulikuwa mkono wa mtu aliyechoka hadi mifupani. Nukta zake zilirefuka zikawa karibu mistari, mistari yake ikatetemeka.

Lakini kila neno lilipoisha, ile ndefu ya mwisho iliburuzwa. Kandambili ukumbini.

Mshonaji alishika ukingo wa kabati. Fupi mbili, ndefu. Kisha fupi, ndefu mbili, fupi. Kisha ndefu tatu, ya tatu ikijivuta, ikijivuta. Tena. Tena. Hakuisikia masikioni kwanza, aliisikia begani. Lilikuwa neno lilelile la kila siku, ambalo Fundi hangeweza kulisikia hata ukuta ungekuwa wa karatasi, maana bega halitoi sauti.

"Ni yeye," alisema.

"Asubuhi tulikuwa tunakuambia ni yeye ukashona sketi!" alisema mama mkwe.

"Asubuhi hakuwa yeye, mama." Akamgeukia Fundi. "Sema."

Akasema. Alisema kwa ufupi, macho sakafuni, kijisanduku, kitufe, ukuta wa mbao, kusini. Wifi alijiziba mdomo. Mtu wa bandari aliweka kikombe chini polepole. Mama mkwe alikitazama kipande cha mkate kilichobaki kwenye sahani yake.

"Nimekula," alisema. "Nimekula kwa sababu ya uongo wako."

"Mama, nisamehe..."

"Baadaye," mshonaji alimkata. "Redio inapiga. Soma."

"Mimi?"

"Simu haiwezi. Ni wewe tu."

Ndiyo, msomaji. Mchawi mpe mwana kulea. Katika nyumba nzima, aliyeweza kuusoma ukweli ni yuleyule mwongo wao.

Fundi alisogeza sikio kwenye spika. Midomo yake ikaanza kucheza. "Kaskazini," alisema. "Kaskazini mwa miamba. Wawili... tuko wawili, mimi na mpishi. Maji... maji ya kunywa yamekwisha." Akaongeza sauti ya spika. "Anarudia. Kaskazini. Wawili."

"Ngoja kwanza!" Mtu wa bandari alisimama. "Asubuhi kusini, sasa kaskazini? Njia ya mwongo fupi, bwana, na yako imefika mwisho. Nikizigeuza boti tena kwa maneno yako, kesho nitakuja kufanya kazi ya kufagia gati."

"Nakuapia!"

"Umekwisha kula viapo vyako vyote!"

"Lile neno la kwanza," alisema mshonaji. Hakupaza sauti, lakini wote walimgeukia. "Lile analoanza nalo kila mara. Ni neno gani?"

Fundi alisikiliza. Likaja tena: fupi mbili, ndefu, fupi, ndefu mbili, fupi, ndefu tatu.

"Upo," alisema. "Anauliza: upo?"

Basi ndilo hilo. Miaka yote ya ndoa, kila anapofumba macho, mume wake alikuwa anamuuliza swali, na yeye anageuka upande wa pili analala, hajajibu hata mara moja. Kitu kilimchoma chini ya mbavu. Kilikuwa kidogo kama ncha ya sindano, lakini kilikuwa kitu.

"Nipo," aliiambia redio. Redio ile ilikuwa ya kupokelea tu, haikumpelekea neno lake popote.

Akamgeukia mtu wa bandari. "Baba, huyu usimwamini. Niamini mimi. Neno hilo mume wangu ananipigia hapa begani, na hakuna mwingine alijuaye. Huo ni mkono wake. Geuza boti zako."

"Mama, mkono wa mtu unausikiaje redioni?"

"Wewe mkeo akiingia na viatu vyake, unahitaji kuchungulia?"

Mtu wa bandari aliitazama redio yake ya kiunoni. Alimtazama mama mkwe. Kisha akaichomoa.

"Boti zote," alisema. "Boti zote, geuzeni. Kaskazini mwa miamba. Nasema tena, kaskazini. Nitajibu mimi."

Wifi alimkumbatia mama yake. Fundi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akificha uso. Na sebuleni, wote wakingoja majibu ya boti, redio ya kabatini ilinyamaza kabisa. Hata kidole cha mtu mzima kinahitaji kupumzika, alisema mama mkwe. Wakamkubalia.

Ilikaa kimya. Chai ikapoa. Mama mkwe akakohoa, simu ikaandika T, na safari hii hakuna aliyecheka.

Halafu mapigo yakarudi.

"Inasoma!" alipiga kelele wifi. "Simu inasoma! Oneni, herufi zimetulia! K, A, S... KASKAZINI!"

Mtu wa bandari aliinama, akasoma mwenyewe kwa macho yake, akacheka kwa sauti ya mtu aliyeokoa kibarua chake. "Kweli kabisa! Fundi, safari hii umesema kweli!"

"Amepata nguvu," alisema mama mkwe. "Mwanangu amepata nguvu, anapiga vizuri. Sikieni anavyopiga vizuri!"

KASKAZINI HARAKA, simu iliandika, safi, bila takataka hata moja. HARAKA. HARAKA.

Walikuwa wanashikana mikono. Fundi alikuwa amesimama, analia na kucheka, na mama yake akamvuta kifuani akasahau kwamba amemkasirikia. Hakuna aliyeona mshonaji anarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akaketi kwenye kiti cha cherehani.

Alisikiliza kila neno likiisha. Ndefu ya mwisho ilikuja fupi, nadhifu, ikakatwa mahali pake, kazi ya mwanafunzi mzuri. Akangoja neno lingine, na lingine. Hakuna kilichoburuzwa.

Ganzi ilipanda kutoka miguuni. Aliichukua ile sketi, akaiweka chini ya mguu wa cherehani, na hakushona. Mkono ule ulikuwa wa mpishi.